Bomba la Ushahidi

Iko nchi moja, usihangaike kuitafuta kwenye ramani, ambayo serikali yake ilichoka kusikia kwamba watumishi wake hawafanyi kazi. Ilichoka kweli. Waziri wa Maji aliposimama bungeni na kutangaza kwamba amechoka, wabunge wote walipiga meza, kwa kuwa na wao walikuwa wamechoka, ingawa hakuna aliyejua nini kimewachosha. Ndipo ukanunuliwa Mfumo.

Jina lake kamili lilianza na "Mfumo wa Kielektroniki wa Kutunza Kumbukumbu na Kupima Utendaji" na kuishia mahali fulani kwenye ukurasa wa pili. Watu waliuita Mfumo basi, kwa heshima, kama mtu asivyomtaja mkwewe kwa jina.

Mambo yenyewe yalikuwa rahisi. Mwananchi akikosa maji analeta malalamiko kwa simu. Malalamiko yanaingia kwenye Mfumo na kupangiwa mtumishi. Mtumishi anakwenda, anatengeneza, anapiga picha ya maji yakitoka, anaipandisha, kisha anafunga jalada. Akifunga mengi jina lake linakuwa la kijani. Akisuasua linakuwa la njano. Akizembea, jekundu. Majina yote yalionyeshwa kwenye skrini kubwa mapokezi, mahali palipokuwa na bango la kuwahimiza watu wanawe mikono. Mwenye jina jekundu hakusalimiwa kwenye lifti. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo hakusalimiwa kwenye ngazi.

Bi. Kurwa Lukindo alikuwa mwekundu kuliko nyanya.

Kurwa alikuwa fundi pampu wa wizara. Alikuwa na stashahada yake safi, watoto watatu, na mkoba wa spana uliokuwa mzito kuliko mtoto wake wa mwisho. Kijiji kikikosa maji alipanda gari la mafundi, akaenda, akang'oa mabomba, akafungua pampu, akarudi na matope hadi magotini. Watu walikunywa maji. Lakini pampu moja ni jalada moja, na huko vijijini simu zililia lakini intaneti haikufika. Kila Mfumo ulipomuuliza uko wapi, yeye alikuwa ndani ya kisima, na kisima hakina pa kubonyeza "Nipo".

Mkurugenzi alimwita ofisini. Mkurugenzi huyu aliitwa Dokta Mhandisi Lwambano, na mlangoni kwake palibandikwa pia kwamba ni profesa mtarajiwa.

"Bi. Kurwa," alisema bila kuinua macho kwenye kishikwambi chake, "taifa linakimbia. Taifa linapaa. Sasa taifa likigeuka nyuma, linamwona nani? Linakuona wewe, na matope."

"Bosi, nilikuwa natengeneza pampu ya hospitali ya—"

"Mfumo hauna habari hiyo."

"Wagonjwa wanayo."

"Wagonjwa hawajapewa nenosiri." Akamwangalia kwa huruma. "Mwanamke msomi kama wewe. Ukifika mwisho wa robo ukiwa bado mwekundu, utumishi wako unakoma wenyewe. Si mimi. Mimi nakupenda sana. Ni Mfumo."

Kurwa alitoka akiwa amekunja uso. Kwenye ngazi alimkuta Bwana Nyambari, jirani yake wa meza, ambaye jina lake lilikuwa la kijani kibichi kama mchicha, na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona ameshika spana.

"Dada Kurwa, pole," alisema Nyambari. "Hujaonyeshwa bomba?"

"Bomba gani?"

"Mungu wangu! Mwanamke anateseka hivi na bomba lipo. Njoo."

Nyuma ya jengo la wizara, kando ya kibanda cha walinzi, palikuwa na kisima kidogo cha kumwagilia bustani. Juu yake lilisimama bomba moja la shaba lenye mkono uliopinda. Pampu yake ilikuwa ndogo, ya umeme wa jua, na ilifanya kazi vizuri sana kwa sababu Kurwa mwenyewe ndiye aliyeifunga miaka ya nyuma, akaisahau. Mbele ya bomba palikuwa na foleni ya watumishi, kila mmoja na simu yake.

"Hili," alisema Nyambari kwa sauti ya mtu aliyeingia msikitini, "ndilo Bomba la Ushahidi."

Afisa wa kwanza alifungua bomba, akapiga picha ya maji yakitoka, akafunga, akaondoka. Wa pili hakutaka picha yake ifanane na ya mwenzake. Kwa hiyo alisogeza mgomba uliopandwa kwenye pipa, na hapo pakawa mikoa ya milimani. Wa tatu aliuondoa mgomba, akamwaga ndoo ya mchanga, pakawa nyanda kame. Palikuwa na kamba ya nguo yenye vitambaa vya kila rangi vya kufunga kwenye bomba, na palikuwa na mbuzi. Mbuzi yule alikuwa amekwisha kuonekana akinywa maji katika wilaya zote za nchi. Mwanzoni alikuwa mbuzi wa mlinzi. Baadaye, kutokana na mchango wake, aliajiriwa kwa masharti ya kudumu, na rangi yake kwenye skrini ilikuwa ya kijani.

"Huu ni wizi," alisema Kurwa.

"Wizi wa nini, dada? Maji si yanatoka?"

"Yanatoka hapa!"

"Mfumo unauliza kama maji yanatoka. Hauulizi wapi. Usiutafutie maneno."

Kurwa aliondoka kwa hasira, akakaa mezani kwake hadi hasira ikaisha na mwisho wa robo ukakaribia. Akajiambia atafunga machache tu, apate kijani, kisha aende akayatengeneze kwelikweli kimyakimya. Angejua kwamba wote waliokuwa kwenye ile foleni walijiambia hivyohivyo siku ya kwanza, labda angecheka. Au asingecheka. Ada za shule hazichekeshi.

Akachagua kitambaa cha bluu, akakifunga kwenye ule mkono uliopinda, akamsogeza mbuzi. Alikuwa na jicho zuri, wala haikushangaza, maana ndiye pekee pale aliyewahi kuona bomba la kijijini. Picha zake zilipendeza. Muda si muda akawa wa njano, kisha wa kijani, kisha Mtumishi Bora wa Mwezi, akapewa cheti na beseni. Kwenye ngazi watu walimsalimia hadi kwa jina la ukoo.

Nchi nayo ilinawiri. Malalamiko yaliingia asubuhi na hadi wakati wa chai yamekwisha kufungwa. Mkurugenzi alisafiri ughaibuni kueleza jinsi nchi yake ilivyolimaliza tatizo la maji kwa kuliingiza kwenye kompyuta, akarudi amenenepa. Kwa kuwa hapakuwa tena na pampu mbovu, gari la mafundi lilikabidhiwa kamati ya sherehe kubebea mahema na viti. Vipuri vilivyokuwa stoo vilipelekwa Makumbusho ya Taifa. Watoto wa shule walipangwa mstari, mwalimu akawaonyesha kwa fimbo: "Hii inaitwa pampu ya akiba. Zamani mabomba yalikuwa yakiharibika."

Mkoba wake wa spana Kurwa alikuwa anaukalia, maana kiti chake kilikuwa kifupi.

Ikawa asubuhi moja anafunga majalada huku anakunywa chai. Mkono ulikuwa umezoea: soma juujuu, weka picha, funga. Soma juujuu, weka picha, funga. Alipoinua kikombe ndipo jicho likashuka kwenye jina la mahali alipotoka kufunga. Zahanati ya Sengerani. Mlalamikaji: Muuguzi Doto Lukindo.

Chai ikampalia. Doto alikuwa pacha wake.

Simu ililia kabla hajamaliza kukohoa.

"We Kurwa," ilisema sauti iliyofanana na yake, ila ilikuwa imekasirika zaidi. "Nimepata meseji hapa. Ngoja nikusomee. 'Mpendwa mteja, maji yako yanatoka. Asante kwa kuridhika.' Sasa nimetoka nje nimefungua bomba, limenipulizia upepo. Nimewekewa upepo?"

"Doto, ngoja nikueleze—"

"Chini wameandika aliyenihudumia ni K. Lukindo. Nikasema, huyu atakuwa Lukindo mwingine, maana yule wangu angenipigia kwanza."

"Ilikuwa bahati mbaya. Mkono uliteleza."

"Mkono! Tumekaa tumbo moja miezi yote ile, hukuwahi kuniambia mkono wako una akili zake." Doto akashusha pumzi. "Sikiliza. Pampu imeungua. Kisima kina maji, tangi zima, sola nzima, pampu tu. Mama akija kujifungua namwambia aje na nguo za mtoto na ndoo ya maji, na ndoo yenyewe wanachota bwawa la ng'ombe. Huyo Zawena wako tumbo limeshashuka. Unataka mjukuu wetu aoshwe na maji yaliyotoka kwato?"

Zawena alikuwa binti wa Doto, lakini alimwita Kurwa mama mkubwa, na Kurwa ndiye aliyemfundisha kutembea.

"Nakuja," alisema Kurwa.

"Njoo na pampu. Picha ninayo."

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Alimkuta amesimama, amefungua mikono kama baba wa bibi harusi.

"Bi. Kurwa, umetuheshimisha! Mheshimiwa Waziri ameiona picha yako ya Sengerani. Kile kitambaa cha bluu, ule mkono wa bomba, yule mbuzi! Papo hapo ameamuru ichapwe kwenye kalenda. Wiki ya Maji mwaka huu itaadhimishwa palepale Sengerani, na Mheshimiwa atakunywa maji ya bomba lile mbele ya taifa. Viti vinaondoka kesho, sherehe keshokutwa."

Kurwa alikaa bila kukaribishwa. "Bosi, Sengerani hakuna maji."

Mkurugenzi alitazama kishikwambi. "Mfumo unasema yapo."

"Mimi ndiye niliyeuambia."

"Basi unakanusha kauli ya serikali."

"Nakanusha yangu mwenyewe!"

"Ukishaiweka kwenye Mfumo si yako tena."

"Basi lifunguliwe hilo jalada. Nipewe pampu, nipewe gari, nikatengeneze leo."

Mkurugenzi alifunga mlango, akarudi amepunguza sauti. "Mama, jalada likifunguliwa upya, aliyelifunga anakuwa mwekundu na bosi wake anakuwa mwekundu."

"Mimi niko tayari."

"Mimi siko tayari. Mwezi ujao nina kongamano la ughaibuni, na wekundu hawapandi ndege." Akafikiri, uso ukamng'aa. "Nenda wewe ukaandae mazingira. Mheshimiwa hunywa kidogo tu. Beba chupa."

Kurwa akaenda makumbusho. Pampu aliziona ndani ya kioo, zimepigwa rangi ya dhahabu na kujazwa saruji ili zisimame vizuri.

Alirudi wizarani miguu ikimuuma, akaketi kwenye kibanda cha walinzi kuvua viatu. Mbele yake foleni ya bomba ilikuwa ndefu, maana watu waliwahi kumaliza kazi kabla ya chai ya saa kumi. Kurwa alilitazama bomba. Akaitazama pampu iliyokuwa chini yake, ndogo, nzima, ya umeme wa jua, saizi ileile ya Sengerani. Ndipo lilipomjia jambo ambalo halikuwa limemjia mtu yeyote katika wizara ile. Nchi nzima ilikuwa imelalamika, na malalamiko yote yalikuwa yamefungwa. Kitu kimoja tu hakikuwa kimelalamikiwa hata mara moja, na chenyewe kilikuwa hapa.

Akatoa simu, akaandika malalamiko: "Bomba lililo nyuma ya wizara limezidiwa na kazi. Linahitaji kung'olewa pamoja na pampu yake na kupelekwa kwenye matengenezo." Mahali pa matengenezo akajaza Sengerani. Mfumo ukayapokea, ukampangia fundi, na kwa kuwa wizara ilibakiwa na fundi mmoja ukampangia yeye. Kibali kikapanda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa na desturi ya kuidhinisha kila kilichofika bila kusoma, kwa sababu kusoma kulimcheleweshea kijani chake. Kikashuka kimeidhinishwa kabla Kurwa hajafunga kamba za viatu.

Asubuhi, kabla foleni haijaanza, aliufungua mkoba wake. Spana zilikuwa zimeota kutu pembeni lakini zilimkumbuka. Alizima, akalegeza, akavuta mabomba, akatoa pampu. Kisha akang'oa na lile bomba la shaba lenye mkono uliopinda, akachukua na kitambaa cha bluu, maana Waziri alikuwa na kalenda na angelinganisha.

Mlinzi alimsogelea. "Mama, unapeleka wapi hiyo mali?"

Kurwa akamwonyesha kibali kwenye simu. Mlinzi alipoona rangi ya kijani alipiga saluti, akamsaidia kubeba.

"Na mbuzi?" aliuliza.

"Mbuzi ana kazi zake. Mwache."

Gari lenye mafuta lilikuwa moja tu, lile lile lililokuwa la mafundi, sasa limesheheni viti. Kurwa aliipakia pampu chini ya viti vya waheshimiwa na kukaa juu ya viti hivyo njia nzima.

Walifika Sengerani alasiri. Doto alikuwa amesimama mlangoni mwa zahanati, mikono kiunoni. Alimtazama pacha wake aliyejaa vumbi, akatazama alichokumbatia.

"Hiyo ni pampu au picha ya pampu?"

"Shika huku, usinipotezee muda."

"Shikamoo mama mkubwa," ilisikika sauti dirishani. Alikuwa Zawena, ameshika nyonga, anahema. "Nimeambiwa nitembeetembee. Natembea hadi lini?"

"Tembea hadi maji yatoke, mwanangu," alisema Kurwa, akashuka kisimani.

Alifanya kazi hadi jua likataka kuzama, matope yakamfika magotini, kisha mapajani. Kutoka juu Doto alimpa spana na matusi kwa zamu. "Kaza! Hapo kwenye Mfumo ulikuwa unakaza hivyo? Kaza bwana!" Paneli ziliponasa mwali wa mwisho wa siku, tangi likaguna. Bomba likakohoa, likatema kutu, likatema chura mmoja aliyekuwa amehamia kwenye paipu, kisha likatoa maji. Kurwa aliyaangalia kwa muda. Hakupiga picha. Zawena alipiga ukelele, si wa furaha, na Doto akakinga ndoo ya kwanza na kukimbilia leba.

Mtoto alikuwa wa kike. Aliogeshwa maji safi na akalalamika kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemfungia jalada.

Kesho yake Waziri alikuja na kalenda mkononi. Aliangalia bomba, akaangalia kalenda, akaangalia bomba.

"Ni lenyewe!" alisema, karibu machozi yamtoke. "Mkono ule ule! Ndugu wananchi, wapo wasemao serikali inapika takwimu. Haya, hizi si zimepikwa zikaiva?" Akapiga makofi peke yake kwanza, wengine wakafuata. Akanywa glasi nzima, akaomba nyingine. Akahutubia mpaka viti vikapata joto, akasema Mfumo ndio uliochimba kisima hiki. Doto akamminya Kurwa ubavuni asijibu.

"Mbona sioni mbuzi?" Waziri aliuliza wakati wa kuondoka.

"Yuko kazini, Mheshimiwa," alijibu Kurwa.

Huko wizarani hali ilikuwa mbaya. Watumishi waliamka wakakuta shimo, mgomba kwenye pipa, na mbuzi mwenye kiu. Malalamiko yakaingia, pa kupiga picha hakuna. Kufikia wakati wa chai skrini ya mapokezi ilikuwa imeanza kupata njano, na kabla ya magharibi ilikuwa nyekundu kutoka juu hadi chini, akiwemo Mkurugenzi. Watu waliacha kusalimiana jengo zima.

Mkurugenzi alimpigia Kurwa simu. "Rudisha bomba!"

"Siwezi, bosi. Liko kwenye matengenezo. Wewe ndiye uliyeidhinisha."

"Nabatilisha!"

"Kubatilisha ni kulifungua upya jalada uliloliidhinisha. Utakuwa mwekundu mara mbili."

Mkurugenzi alikata simu. Baada ya siku chache ilikuja barua ya adhabu: Bi. Kurwa amehamishiwa Sengerani, mahali pasipo intaneti, akatafakari makosa yake. Aliisoma akiwa amempakata mjukuu, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa kitanda uliokuwa ukiyumba. Watoto wake walipofunga shule walimfuata. Mshahara uliendelea kuja, kwa kuwa Mfumo ulimjua kama mtumishi bora aliye kwenye matengenezo.

Kisha magari yakaanza kuja. La kwanza lilimleta Bwana Nyambari, suti imejaa vumbi.

"Dada Kurwa, nimekuja kwa heshima. Naomba picha moja tu."

Kabla Kurwa hajajibu, Doto alitoka na ndoo mbili. "Karibu sana, baba. Hapa utaratibu wetu ni huu: kwanza unajaza hizi, unazipeleka wodini, unarudi, unajaza tena hadi mapipa yote yajae. Halafu unapiga picha."

"Mimi ni afisa mwandamizi."

"Ndiyo maana nimekupa ndoo kubwa."

Nyambari alibeba. Kesho yake walikuja wengine, na keshokutwa yake wengine zaidi, mafuta yakapatikana bila mtu kujua yametoka wapi. Watumishi wa wizara walipanga foleni Sengerani wakiwa na ndoo vichwani, wakajaza mapipa ya zahanati, ya shule na ya vikongwe. Waliobobea waliweza kutembea bila kumwaga. Kilikuwa kijiji pekee katika nchi ile ambacho watumishi wa umma waliwahi kukitumikia, na kila aliyebeba alirudi mjini akiwa wa kijani.

Jioni moja, foleni ilipokwisha, simu ya Kurwa ilinasa intaneti ya kuibia kutoka kilimani, ikalia. Ulikuwa ujumbe kuhusu malalamiko yake juu ya bomba la wizarani, yaliyokuwa bado wazi hadi Mfumo, kwa kumkosa fundi mtandaoni, ulipompangia mwingine. Aliusoma, akampa Doto.

"Mpendwa mteja, bomba lako la wizarani limerudishwa na maji yanatoka. Asante kwa kuridhika. Umehudumiwa na B. Nyambari."

Chini yake palikuwa na picha: mkono uliopinda, kitambaa cha bluu, na pembeni kabisa, kwa bahati mbaya, Doto ameshika kiuno.

Doto akaivuta picha ikawa kubwa.

"Angeniambia napigwa picha," alisema, "ningevua aproni."